Nilivyobishania pete ya shakwe hapa Riyadh, nikaumbuka, na bado natembea kifua mbele

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi nipo Riyadh, ni Ijumaa, nguo ziko kwenye mashine zinazunguka, na nimeona leo nilitoe hili jambo moyoni.

Sijaja na connection ya kazi wala visa, wanaozitafuta wapite tu. Nimekuja na stori ya ndege. Yote yamenitokea mimi mwenyewe, na pale nilipofanya ujinga nimeuacha kama ulivyo, sijaupaka rangi.

Twende taratibu.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Musoma. Kazi yangu ni stoo.

Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa Jeddah, karani kwenye ghala moja pale bandarini. Nilikuwa nalala Bani Malik, chumba kimoja na Wasudani wawili na Mganda mmoja anayekoroma kama jenereta. Kazi yenyewe ilikuwa kuchukua karatasi zilizoandikwa kwa tarakimu za Kiarabu na kuziingiza kwenye kompyuta kwa tarakimu zetu hizi za kawaida. Maboksi, makontena, namba za malori. Asubuhi mpaka jioni.

Mwezi wa kwanza nilitamani kurudi nyumbani. Mwaka wa pili nilikuwa nachapa zile namba bila hata kuangalia kibodi, bosi anawaita wageni waje waone. "Huyu Mtanzania hakosei," anawaambia.

Najisifu? Ndiyo, najisifu. Uzi ni wangu.

Sasa ndege. Mchana mmoja bandarini nimekaa kwenye kivuli cha kontena, nimefungua chapati yangu, shakwe akashuka akaibeba. Yote, na mfuko wake. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi nikataka kumjua mwizi wangu jina. Nikaingia mtandaoni, nikakuta kumbe yule mwenye duara jeupe kuzunguka jicho makazi yake ni Bahari ya Shamu na maeneo ya jirani tu, kuna watu wanapanda ndege kutoka mbali kuja kumwona. Na mimi ananiibia chapati.

Nimezaliwa pembeni ya ziwa wakuu, shakwe nimewaona tangu natambaa, na sikuwahi kujiuliza kama kuna aina zaidi ya moja. Nikajisikia vibaya kidogo. Mfilipino mmoja wa ofisini, alipomaliza mkataba wake, akaniachia darubini yake. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza rasmi.

Mwaka juzi kampuni ikanihamishia Riyadh. Nikasema basi, mambo ya ndege wa majini yameishia hapo, naenda jangwani.

Kabla hamjauliza: Riyadh kuna maji. Kuna bustani moja upande wa mashariki, si mbali na Al-Naseem, ina ziwa la kuchimbwa. Kiangazi halina maana, joto linakufukuza. Lakini ikifika majira ya baridi, jamani! Wanashuka bata kutoka nchi za barafu. Wapo wenye kichwa cha kijani, wapo wenye mdomo mpana kama mwiko wa ugali, wapo kukuziwa weusi na ule upara wao mweupe. Na shakwe, mamia, wanazunguka juu ya watu wanaotupa mikate.

Pale nikakutana na kikundi cha wapenda ndege. Kiongozi wao anaitwa Basem, mhandisi wa maji, Mjordani, mtu mpole ila kwenye rekodi hana utani. Wengine ni manesi, walimu, madereva. Kila baridi wanafanya sensa ya ndege wa majini. Ziwa linagawanywa vipande, kila kipande kina mtu wake, anahesabu, anakabidhi karatasi.

Mwaka wa kwanza nilibebeshwa stendi ya darubini kubwa. Nikabeba bila kinyongo.

Mwaka uliofuata Basem akaniambia, "Safari hii ukingo wa kaskazini ni wako. Peke yako."

Wakuu, sijui kama mnaelewa. Ukingo wa kaskazini ndio wenye matete, ndiko bata wote wanakojificha. Manesi wawili walikuwa wanautaka. Nimepewa mimi, stoo kipa. Nilimpigia mama Musoma nikamweleza. Akasema "hongera mwanangu, lakini hao bata ni wa nani?"

Sasa fitina iliingia wiki kadhaa kabla ya sensa.

Watafiti wa huko kaskazini huwavisha baadhi ya ndege pete ya plastiki mguuni, yenye maandishi makubwa ya kusomeka kwa mbali. Ukiisoma unaripoti, wao wanajua ndege wao amefika wapi. Kwenye kikundi chetu kusoma pete ni heshima kubwa. Wapo waliokaa miaka hawajasoma hata moja.

Asubuhi hiyo nipo peke yangu. Shakwe mmoja mdogo kasimama juu ya ukuta wa ziwa. Ni wale wanaoitwa wa kichwa cheusi, ingawa majira ya baridi kichwa kinakuwa cheupe na kubaki na doa tu nyuma ya jicho. Mguu wa kulia una pete nyeupe.

Nikashusha pumzi, nikalenga. Nikasoma kama ninavyosoma boksi: saba, tano, moja, sita.

Nikasoma tena. Saba, tano, moja, sita. Akaruka.

Nikaandika kwenye group kwa herufi kubwa: 7516. Pongezi zikamiminika. Basem akatuma ripoti kunakohusika. Siku mbili nilitembea ofisini kama nimepandishwa cheo.

Siku ya tatu majibu yakaja. Pete hiyo haipo. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kuvisha shakwe wa aina ile pete nyeupe yenye 7516.

Basem akaifuta rekodi. Kisha akaandika kwenye group, mbele ya wote: "Ndugu, tafadhali turipoti tulichokiona tu."

Hiyo "tu" ilinichoma. Maana yake nimetunga, yaani mimi mwongo.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza. Badala ya kunyamaza, nikaandika gazeti. Kwamba mimi nimesoma namba bandarini miaka mitatu. Kwamba bosi wangu wa Jeddah alikuwa anawaita wageni. Kwamba macho yangu ni mazima na hao wavisha pete wakatafute daftari lao vizuri. Nikamalizia na "halas", yaani basi, mjadala umekwisha.

Kesho yake Basem akanipigia, kwa upole kabisa, akasema ukingo wa kaskazini atausimamia nesi mmoja, mimi nitamsaidia kuandika.

Sikulala vizuri wiki ile. Watu wengine watasema ni bata tu. Haya, ni bata tu. Lakini mtu ukiwa huku, ikama yako, kile kibali cha kuishi, ina jina la kafili, yaani mwajiri wako, chumba ni cha kampuni, gari ni la kampuni. Kitu changu mwenyewe kilikuwa kile: kwamba nikisema nimeona, nimeona.

Nikaamua nitamtafuta yule shakwe mpaka nimpate, nimpige picha, nimrudishie Basem ile "tu" yake.

Ijumaa ya kwanza, hola. Ijumaa ya pili, hola. Baridi ya Riyadh asubuhi msiichukulie poa, nilikuwa napuliza vidole. Nazunguka ziwa zima nimeinama, naangalia miguu ya ndege mmoja mmoja.

Ijumaa ya tatu nikasikia sauti ya Kiswahili nyuma yangu.

"Kaka, kwani umepoteza nini? Kila Friday nakuona tu ukiangalia ndege miguu."

Nikageuka. Dada mmoja Mkenya, na abaya yake nyeusi, ameshika watoto wawili wa Kisaudi, mmoja kila mkono, mdogo ana kipande cha mkate. Akaniambia anaitwa Mercy, anatoka Kitale, anafanya kazi kwenye nyumba moja Al-Naseem. Madam wake hupenda kuja pale Ijumaa asubuhi, anakaa kwenye mkeka na kahawa yake, Mercy anazunguka na watoto.

Nikamwambia namtafuta shakwe mwenye pete nyeupe.

"Yule ako na kitu white kwa mguu? Huyo si mgeni, anakulanga mkate ya hawa watoto. Hata niko na yeye kwa video."

Wakuu, nilitaka kupiga magoti.

"Dada, naomba nitumie hiyo video."

Akatikisa kichwa. "Zii. Watoto wako ndani. Madam hataki picha za watoto zitoke nje. Nikikutumia bila yeye kujua, kazi imeisha, na niko na miezi tano tu hapa."

Alikuwa sahihi, nikaona aibu hata kuomba. Nikamuuliza, tukimwomba madam mwenyewe je?

"Wewe ndio umuombe," akasema. "Na usisimame karibu na mimi."

Basi nikaenda. Nikasimama hatua kama sita kutoka kwenye mkeka, macho chini, nikatoa salamu. Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha bandarini, ambacho kina maneno mengi ya mizigo na machache ya adabu. Madam akanitazama, akaitazama darubini, akamtazama Mercy.

"Unataka mguu wa ndege?" akauliza.

"Aywa, madam. Mguu tu. Watoto mafi." Yaani watoto hapana.

Nikajua hapa naitiwa mlinzi. Kisha akamwambia Mercy amletee simu. Akaiangalia video yote, akaisimamisha, akapiga screenshot, akaikata mwenyewe mpaka ikabaki miguu miwili ya shakwe na kipande cha ukuta. Akaivuta ikawa kubwa, akanigeuzia.

Nikasoma kwa sauti, kwa Kiarabu, ili na yeye asikie: "Sab'a, khamsa, wahid, sitta!"

Madam akaisogeza karibu na macho. "Sahih," akasema. "Sab'a, khamsa, wahid, sitta."

Nilikaribia kucheza pale pale. Nina picha, nina shahidi, tena mwenye nchi! Kichwani nilishaanza kuandika gazeti la pili kwa Basem.

Mercy alikuwa amesimama nyuma ya madam, anachungulia begani. Akakohoa kidogo.

"Madam, sorry. Mafi sab'a. This is V."

Madam akageuka. Mimi pia nikageuka, tena kwa hasira kidogo, niseme ukweli. Mtu umeshashinda halafu anatokea mwenzako wa Afrika Mashariki kukuharibia.

"Dada, hiyo ni saba," nikamwambia kwa Kiswahili.

"Saba uko nayo wapi, kaka? Hiyo ni V. V, O, moja, saba. Mimi nimefunza nursery miaka tatu kule Kitale, V siwezi kosa."

"Na mimi nimesoma hizi namba bandarini Jeddah miaka mitatu."

"Sasa huyu ndege alitoka kwa kontena?"

Nikaikodolea macho upya ile pete.

Kwa ambao hawajakaa huku, niwaeleze. Saba ya Kiarabu inaandikwa kama herufi V. Tano yao ni duara, kama O. Na sita yao, ukiiona haraka, utaapa ni 7 yetu. Moja ni ile ile.

Pete ilikuwa imeandikwa VO17.

Mimi nimeisoma kama karatasi ya forodha. Ndege kavishwa pete huko kaskazini, na watu ambao huenda hawajawahi kuiona tarakimu ya Kiarabu, na mimi natafsiri! Macho hayakukosea hata kidogo. Kilichokosea ni ule ufundi wangu niliokuwa najivunia. Madam naye, kwa kuwa nilimtangulia kusoma, akaona kile kile.

Aliyekuwa hajui kusoma tarakimu za Kiarabu pale ni Mercy peke yake, na ndiyo maana aliona kilichoandikwa.

Madam akaiangalia tena ile picha. Akamwangalia Mercy. Halafu akaanza kucheka, akafunika uso na mtandio, anacheka mabega yanatikisika. Mercy, ambaye nadhani alikuwa ameshaanza kufunga virago kichwani, akacheka na yeye. Mimi nikacheka mwisho, maana mimi ndiye niliyekuwa nachekwa.

Madam akanitumia ile picha mwenyewe.

Sasa ikaja sehemu ngumu. Ningeweza kumtumia Basem kimya kimya. Lakini gazeti langu niliandika mbele ya wote, na kuumbuka kwangu kulitakiwa kuwe mbele ya wote.

Nikaweka picha kwenye group. Nikaandika kwamba nilisoma vibaya, nikaeleza kwa nini, nikaomba radhi kwa lile neno "halas". Nikaandika pia kwamba aliyesoma sawasawa si mimi, ni dada Mercy wa Kitale, na aliyetupatia picha ni madam wake.

Nikaweka simu kifudifudi, nikaenda kukosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Ikaja voice note ya Basem. Mwanzo ni kicheko tu. Kisha akasema, "Ya akhi, mimi nasoma Kiarabu tangu nina miaka mitano, na halikunijia kichwani. Nilikwambia neno baya. Nisamehe." Nilimheshimu sana yule mtu siku ile, maana angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angemdai.

Akatuma VO17. Safari hii jibu lilikuja haraka. Yupo! Alivishwa pete akiwa kinda, hajaweza hata kuruka, kwenye kisiwa cha ziwa moja huko Urusi ya baridi kali. Tangu siku ile hakuna binadamu aliyekuwa ameripoti kumwona. Walikuwa hawajui kama yu hai.

Kumbe yu hai, anakula mkate Riyadh.

Siku ya sensa nilikuwa ukingo wa kaskazini. Yule nesi mwenyewe ndiye aliyenirudishia karatasi, akasema, "Chukua, huku ni kwako." Nilihesabu bata wangu mara tatu. Karatasi yangu haikuwa imefutwa hata mahali pamoja. Basem akaipokea, akaisoma yote, akaiweka juu ya nyingine.

Na kuanzia siku ile kikundi kina sheria mpya: pete inasomwa na watu wawili, herufi kwa herufi, na wa pili haruhusiwi kumsikia wa kwanza. Sheria hiyo imetokana na kosa langu. Mnanielewa kwa nini natembea kifua mbele?

Lakini bado sijafika kwenye lenyewe.

Wale watafiti walituma barua rasmi ya ndege yule, alikozaliwa, alikoonekana, na chini kuna sehemu ya waliomwona. Basem aliniuliza aandike nani. Nikamwambia jina la Mercy liwe la kwanza, kamili, kama lilivyo kwenye pasipoti. La kwangu lifuate.

Nikaiprinti barua ofisini, Ijumaa nikaenda nayo. Nikasimama zile hatua zangu sita, nikamkabidhi madam, madam akamkabidhi Mercy.

Mercy akaisoma polepole. Akarudi juu, akaisoma tena. Akaweka kidole kwenye jina lake, akakiacha pale.

"Hii nchi jina yangu iko kwa ikama na iko kwa contract," akasema. "Hapa ndio ya kwanza iko kwa kitu nimefanya."

Hakulia. Mimi ndiye niliyesingizia vumbi.

Madam akauliza amesema nini. Nikamtafsiria kwa kile Kiarabu changu, na nadhani safari hii nilitafsiri sawasawa, maana alichukua simu yake, akamwambia Mercy, "Yalla, simama hapo kwenye maji, shika karatasi vizuri." Yule madam asiyetaka picha akampiga Mercy picha nne. Akamtumia zote, akamwambia azitume nyumbani.

Funzo langu wakuu, na mnaweza kunipinga: mimi sikukosea kwenye ndege, ambako ndiko mimi ni mgeni. Nilikosea kwenye namba, kitu ninachokijua kuliko vyote, na nilikosea kwa sababu nilikuwa na uhakika. Siku hizi nikiwa na uhakika mno, namwomba mtu mwingine aangalie. Hata awe ni mtu ambaye hakuna anayemuuliza maoni yake. Hasa huyo.

Mlioko Gulf, kuna namba, neno au karatasi iliyowahi kuwaumbua hivi? Na mlioko nyumbani, nani hapa anaangalia ndege na anaona aibu kusema? Wekeni hapa chini, hata ya kunicheka. Mercy nimemwambia kuhusu uzi huu. Amesema nisikosee jina lake, na kwamba comments atazisoma mwenyewe, hahitaji mimi nimsomee.